Fundi wa Engutoto na mfuko wa viazi ambao haujarudi

Saa tatu na robo asubuhi, Siwema Abdulhalim anachoma kitambaa cha mteja, na mteja mwenyewe amesimama hapo hapo anatazama.

Hachomi chote. Amechomoa nyuzi tatu pembeni, amezisokota pamoja na kuzishika kwa kibanio, na sasa anawasha njiti ya kiberiti juu ya sahani ya bati. Nyuzi zinajikunja, zinarudi nyuma kana kwamba zinaukimbia moto, kisha zinatoa moshi mweusi wenye harufu ya plastiki. Kinachobaki kwenye sahani ni kitone kigumu cheusi. Siwema anakibonyeza kwa ukucha na hakipondeki.

"Umeona, mama? Hiki shona gauni, shona mtandio, shona hata pazia la sebuleni," anasema. "Kwenye maikrowevu hakiingii."

Mteja ni mwenyekiti wa kamati ya kichenpati, ametoka Njiro, na gari lake linaunguruma nje kwa kuwa alidhani atachukua dakika mbili. "Lakini dukani wameniapia ni kotoni, Mama Jabiri. Tena kotoni ya daraja la kwanza."

"Wa dukani anauza. Mimi nauliza moto."

"Wageni themanini, Mama Jabiri! Themanini! Unataka nimpelekee fundi mwingine?"

"Mpelekee tu, dada yangu. Ila mwambie naye akichome kwanza kabla hajakikata."

Mama wa Njiro anakunja kitambaa chake, anaaga kwa adabu lakini kwa mkato, na oda ya mifuko themanini inatoka mlangoni pamoja naye. Mwandishi wa makala haya alitegemea kumwona fundi akishika tama. Wapi! Siwema anafuta sahani, anarudi kwenye cherehani yake ya kukanyaga, anaomba asogezewe mkasi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, mfuko wa viazi ni kitu kidogo, mpana kama daftari kubwa, wenye tabaka la kitambaa nje, pamba katikati na kitambaa kingine ndani. Unaosha viazi bila kuvimenya, unavitoboa kwa uma, unavitia mfukoni vikiwa na maji maji yake, unauweka mfuko ndani ya maikrowevu. Mvuke unabaki humo humo. Baada ya dakika tano hivi viazi vimeiva, ganda laini, ndani vinavunjika vyenyewe. Kwa watu wa Arusha, ambao kiazi hakikosi mezani, hiyo si habari ndogo.

Siwema, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, anaishona vizuri sana. Nimeigeuza nje ndani nikitafuta uzi uliolegea, sikuupata. Lakini ukimuuliza kuhusu kazi hiyo hakuanzii kwenye sifa. Anakuanzia kwenye hesabu moja tu: mwaka jana alishona mifuko ishirini na minne ambayo haikufaa kwenda karibu na maikrowevu yoyote. Imesharudi kwake ishirini na mitatu. Mmoja bado uko nyumbani kwa mtu, na hajui ni nani.

"Huo mmoja ndio unaonifanya nichome nyuzi za watu kila siku," anasema. "Wateja wengine wananiita Mama Kiberiti. Waniite."

Siwema alizaliwa Kaloleni, katika familia iliyotoka Kondoa. Baba yake alikuwa fundi wa kanzu na kofia, na binti alianza kwa kushona vifungo akiwa na miaka tisa. Alipoolewa na Saadi, fundi seremala, walihamia Engutoto, wakapanga vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani. Kwa zaidi ya miaka ishirini riziki yake ilikuwa sare za shule na kufupisha suruali. Mwezi mzuri ulimpa shilingi laki mbili na nusu. Mwezi mbaya anasema hautaki kukumbukwa, wala na yeye hataki kuukumbuka.

Mfuko wa viazi uliletwa na mteja wake wa siku nyingi, Pudensiana, mama wa Kichaga mwenye duka la vyombo. Ndugu yake aliye ng'ambo alimtumia mfuko mmoja, ukachakaa kwa kutumika, na akauleta kwa Siwema akitaka mwingine wa namna ile.

Siwema alifanya kile ambacho fundi yeyote wa Arusha angefanya. Aliufumua. Hapa mjini ukitaka kitu kipya unamletea fundi sampuli, fundi anaifungua mshono kwa mshono, anapima kila kipande, anakata ya kwake, kisha anakuambia rudi Ijumaa. Mashati, makoti, vifuniko vya viti vya magari, vyote mafundi wamejifunza kwa njia hiyo, na kwa kawaida njia hiyo haimwangushi mtu.

"Niliona kila kitu," anasimulia. "Niliona mshono wa nje, niliona pamba imekunjwa mara mbili, niliona pembe zilivyogeuzwa. Nikajiona nimemaliza shule. Kitu ambacho macho hayaoni ni kile kitambaa kimetengenezwa na nini. Hilo sikuuliza."

Wa kwanza aliushona kwa kanga kuukuu na kitambaa cha marekani alichokuwa nacho, vyote vya pamba, bila kujua kwamba ana bahati. Ukafanya kazi. Pudensiana alifurahi, akaagiza mwingine, shoga zake wakaagiza, na ndani ya miezi michache Siwema akaanza kujulikana.

Kisha likaja suala la harusi ya Nice, binti wa Pudensiana.

Anayezijua kichenpati za Arusha, sherehe za akina mama za kumuaga bibi harusi, anajua kwamba sherehe ni sare. Kamati inaweza kukosana kuhusu ukumbi, kuhusu keki, hata kuhusu bibi harusi mwenyewe, lakini sare ikishachaguliwa hakuna wa kubisha. Mwaka jana mwezi wa sita, kamati ya Nice ilichagua kitenge cha zambarau chenye maua meupe na uzi wa dhahabu uliopitishwa katikati ya maua. Ukisimama nacho juani, kinametameta. Magauni ishirini na manne yalishonwa na mafundi mbalimbali, na mabaki yote yakakusanywa kwenye gunia moja.

"Nikamwambia, Mama Jabiri, usitupe hata kipande," anakumbuka Pudensiana, ambaye nilimkuta dukani kwake akipanga sufuria. "Kila mwanakamati, na Nice mwenyewe, aende nyumbani na mfuko wa viazi wa sare yetu. Lilikuwa wazo langu, silikatai. Nililipenda sana."

Siwema naye alilipenda. Alishona siku nne mfululizo. Mifuko iliingia ukumbini juu ya ungo uliopambwa, mshehereshaji akaitangaza, vigelegele vikapigwa, na fundi wa Engutoto akaitwa mbele apungie watu mkono. Alikuwa hajawahi kuitwa mbele mahali popote maishani mwake. Usiku ule, anasema, alirudi nyumbani akitembea huku anacheka peke yake.

Simu ilikuja Jumanne iliyofuata, saa tisa alasiri. Alikuwa Zakia, mwanakamati, mkazi wa Kaloleni.

"Dada Siwema, mfuko wako umetema cheche."

Zakia alikuwa ameweka viazi vinne, amebonyeza dakika sita, na ametoka uani kuanika nguo. Alisikia mlio kama wa bisi. Aliporudi, ndani ya maikrowevu kulikuwa na mwanga wa bluu unaorukaruka na moshi unaotoka pembeni mwa mlango. Hakuugusa mlango kwa woga. Alizima umeme ukutani, akachomoa waya, akasimama mbali na ndoo ya maji mkononi mpaka moto ukafa wenyewe.

"Wanangu mapacha walikuwa wamelala chumba cha pili," ananiambia Zakia. "Wana miaka miwili. Ningekuwa nimeenda dukani, kama ninavyofanya siku nyingine, sijui leo ningekuwa nakusimulia nini."

Siwema alifika nusu saa baadaye, bado amevaa utepe wa kupimia shingoni. Aliuona mfuko wake mezani, umetoboka, na kila mahali ulipopita uzi wa dhahabu pana mstari mweusi. Pamba bandia ya ndani, ile ya kujazia mito, ilikuwa imeyeyuka na kugandamana na ganda la kiazi.

"Nilikaa chini, mwanangu," anasema. "Pale pale jikoni kwa Zakia. Sikulia. Nilikuwa nahesabu. Kama huu umeungua, mingine ishirini na mitatu iko wapi saa hizi?"

Aliubeba mfuko ulioungua hadi kwa Calvin, fundi wa vifaa vya umeme wa mtaa wa pili. Calvin ni mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Aliugeuza mfuko mara moja tu.

"Nilimwambia mambo matatu," anasema Calvin. "Uzi wa dhahabu una madini, na madini ndani ya maikrowevu yanarusha cheche. Kitenge chenyewe na ile pamba ya mito ni jamaa wa plastiki, vinayeyuka. Halafu yule dada hakufungua mlango, na hapo alifanya vyema kuliko wengi. Angeufungua, moto ungepata hewa."

Ni Calvin aliyemfundisha kipimo cha kiberiti, na ni yeye aliyemwambia kwamba hata pamba halisi si ya kuchezea. Inavumilia joto la mvuke, lakini ikikaukia humo ndani kwa dakika nyingi nayo inaungua kama karatasi. Siwema alisikiliza, akarudi nyumbani, akamweleza mumewe kwamba kesho ataanza kuzunguka mji kuikusanya mifuko yote.

Saadi hakupendezwa.

"Mama Jabiri, umeungua mmoja, hakuna aliyeumia," alimwambia. "Ukizunguka mji mzima kujitangaza, nani atakuletea tena hata suruali ya kufupisha?"

"Baba Jabiri, ukimuuzia mtu kiti kina mguu uliooza, ukasikia wa kwanza ameanguka, utamsubiri wa pili?"

Asubuhi yake Saadi ndiye aliyempa nauli ya Kisongo, alikoanzia. Nilipomfuata kwenye karakana yake kumuuliza juu ya siku ile, hakuacha kupiga randa. "Nilikosea," alisema. "Andika hivyo hivyo, asije akasema nilikataa."

Mtu angedhani kuwapata watu ishirini na watatu waliobaki ni suala la ujumbe mmoja wa simu. Huyo hajawahi kuwa kwenye kamati. Kundi la wasapu la harusi lina maisha mafupi. Michango ikikamilika na picha zikishatumwa, watu wanaaga kwa maua na emoji za kulia, na ndani ya siku mbili kundi limebaki na mweka hazina na watu wasiojua kutoka. Siwema alipotuma onyo lake, walikuwa wamebaki tisa. Wanne walisoma. Mmoja alijibu kwa kumtumia tangazo la mafuta ya nywele.

Kwa hiyo alitembea. Kwa wiki tatu aliacha cherehani kila siku baada ya adhuhuri, akabeba begi lenye mifuko mipya ya kanga na marekani, sahani ya bati na kiberiti. Mlango kwa mlango alisema maneno yale yale: nilikosea, nipe ule, chukua huu.

Wengi walitoa bila neno. Mama mmoja wa Kisongo alikuwa ameupanga wake juu ya runinga kama pambo. Mwingine aliufanya wa kuhifadhia mayai. Mwingine, ambaye Siwema anakataa katakata kumtaja, alikunja mikono mlangoni. "Umenipa umenipa," alisema. "Sare ya Nice siitoi. Kwanza nimeshautumia mara moja na sijaona kitu."

Siwema aliomba kuingia. Sebuleni kwa yule mama alichomoa uzi mmoja wa dhahabu kutoka kwenye mfuko, akauchoma juu ya sahani. Uzi ukawa kitone cheusi, na ndani ya kitone ukabaki unyuzi mwembamba unaong'aa. "Nikamwambia, huu ndio unaorusha cheche. Safari ya kwanza umepona. Sitaki nisikie ya pili." Alipewa mfuko, na chai juu yake.

Mgumu kuliko wote alikuwa Pudensiana. Aliona sherehe ya mwanawe inatiwa doa mji mzima. Watu walishaanza kuuliza kama na keki ilikuwa salama.

"Nilikasirika siku tatu," anakiri, na bado kuna kaukali kidogo usoni mwake. "Simu zake sikupokea. Siku ya nne nikawaza, mjukuu wangu akija, nitamwekea viazi kwenye nini? Nikautoa wangu kabatini, nikampelekea mwenyewe Engutoto. Na wa Nice nikaubeba."

Wiki ya tatu ilipoisha, Siwema alikuwa amebakiza jina moja: Bibi Sifaeli, shangazi wa bibi harusi, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na minane, anayeishi kwenye mashamba ya juu ya Usa River, mahali ambapo Meru unauona mzima kukiwa hakuna mawingu. Siwema alifika kwake akiwa na matumaini yote. Aliamkia, akakaribishwa, akaeleza shida yake.

Bibi Sifaeli alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Maikrowevu ndiyo nini, mwanangu?"

Hakuwa nayo. Wala hakuwa ameelewa kwamba mfuko ule ni wa kupikia. Aliuona ni mfuko mzuri, akaujaza viazi vya shambani kwake, akaupeleka kanisani Jumapili ya mavuno.

Kwa Walutheri wa huku juu, Jumapili ya mavuno watu huleta sadaka za shamba: ndizi, mahindi, kuku, maziwa. Ibada ikiisha vinanadiwa uwanjani, na fedha inaingia kanisani. Mzee Elieza, mzee wa kanisa ambaye ndiye hunadi kila mwaka, anakumbuka vizuri alivyouinua ule mfuko.

"Nilisema, viazi pamoja na pochi yake! Watu wakacheka, bei ikapanda," anasimulia. "Viazi vile vile kwenye ndoo vingetoka kwa elfu tatu. Vilitoka kwa elfu kumi na nane, kwa sababu ya kung'aa."

Aliyevinunua ni mama mgeni, amevaa kijani, aliyekuja kwenye ubatizo wa mtoto wa ndugu. Alilipa papo hapo, na anayelipa papo hapo haandikwi jina. Wapo waliosema ametokea upande wa Moshi. Wapo walioapa kwamba ni wa Arusha mjini, tena ana gari dogo jeupe. Familia iliyobatiza ilikuwa na wageni zaidi ya mia na haikumkumbuka.

Siwema hakukata tamaa. Alimwomba Mzee Elieza nafasi ya kusema na watu, na Jumapili iliyofuata, saa ya matangazo, mwanamke wa Kiislamu mwenye ushungi mweupe alisimama mbele ya kanisa la Kilutheri kueleza habari za mfuko wa viazi.

"Alirekebisha ushungi wake," anasema Mzee Elieza. "Akaanza, Asalaam aleikum. Halafu akashika mdomo, amejua alipo. Kanisa zima likaitikia, Waaleikum salaam! Hata wanakwaya. Basi akacheka, tukacheka, akasema yaliyomleta."

Baada ya ibada akina mama walimzunguka uwanjani, akawachomea nyuzi juu ya jiwe. Walichomoa za vitenge vyao, za vilemba, mmoja akaleta hata pindo la kitambaa chake cha kubebea mtoto. Siku ile Siwema aliuza mifuko mipya sita bila kutarajia. Habari za mama wa kijani hakuzipata, na hadi leo, mwaka mzima baadaye, hajazipata.

Kazi yenyewe haikufa, kinyume na hofu ya Saadi. Baada ya kurudi kutoka Usa River simu zilianza kuja kutoka kwa watu ambao walisikia kwamba kuna fundi anayekuja mwenyewe kuchukua kazi yake mbovu. Leo anashona mifuko kumi na mitano kwa wiki, kila mmoja shilingi elfu kumi na mbili, na hashoni zaidi ya hapo kwa sababu uzi wa pamba ni wa kuagiza Dar es Salaam na unachelewa. Maduka mengi hapa mjini yana uzi wa plastiki tu. Pamba ya ndani analetewa kutoka Shinyanga, anaichambua kwa mkono mpaka iwe safi, kisha anaishonea katikati ya marekani mbili. Kila jora la kanga likiingia, linapita kwenye kiberiti kabla ya mkasi.

Majivu yakiwa laini, ya kijivu, yanayopeperuka, na harufu ikiwa ya karatasi iliyoungua, anakata. Kikitokea kitone kigumu hata kimoja, hakati. Vitambaa vilivyochanganywa ndivyo vinavyomsumbua, maana vinaacha majivu na vitone kwa pamoja. "Hivyo navirudisha," anasema. "Mimi si maabara. Nikiwa na shaka, jibu ni hapana."

Kila mfuko anauambatanisha na karatasi, na anamtaka mteja aisome kwa sauti mbele yake, jambo ambalo limewachekesha watu wazima wengi wenye shahada zao. Viazi viwe na maji. Visizidi vinne. Anza na dakika nne, ongeza moja moja. Mfuko mtupu usiingie, wala usiukaushie humo baada ya kuufua. Na ukiwa ndani, wewe usitoke jikoni.

"Huu nao ni kitambaa, mwanangu, si chungu," anasisitiza. "Mtu akiniambia hana muda wa kusimama dakika tano, namwambia aache mfuko wangu, atumie bakuli la kioo. Siwezi kumuuzia mtu anayeenda kuanika nguo."

Calvin ana msimamo wake. Hajawahi kuununua mfuko hata mmoja, ingawa ndiye mwalimu. "Mimi kiazi nakitoboa, nakiweka kwenye sahani, basi," anasema. Siwema akimsikia anacheka mpaka anashika cherehani. Anasema Calvin ndiye mtu pekee Engutoto anayekula viazi vikavu kwa hiari yake.

Kwa sasa, kila Alhamisi alasiri, mafundi sita wa mitaa ya jirani wanakuja chumbani kwake na vipande vya vitambaa mifukoni. Wanachoma, wanabishana, wanarudi makwao. Siwema anataka wafike ishirini kabla ya mwaka kwisha, ili mama wa Njiro akitoka kwake na kitambaa kibaya, kila fundi atakayemwendea awashe njiti. Anataka pia kuupeleka mfuko wake kwa wataalamu wa viwango wakaupime kwa vyombo vyao, kwa kuwa hoteli mbili za Usa River zimeuulizia na yeye amezijibu zisubiri. "Wakisema haufai, nitaacha," anasema. Ninamtazama usoni kuona kama ni maneno tu. Si maneno tu.

Alipokubali kuzungumza na gazeti hili aliweka sharti moja. Hakutaka tupunguze wala tuongeze. "Picha yangu mkikosa nafasi, iacheni," alisema. "Maelezo ya ule mfuko yasikose." Kisha akayataja taratibu, akisubiri kalamu imfikie:

"Ni wa zambarau, una maua meupe, na kwenye maua kuna uzi wa dhahabu. Ndani ni mweupe. Ulinunuliwa kwenye mnada wa mavuno juu ya Usa River, mwaka jana mwezi wa saba, ukiwa na viazi. Usiuweke kwenye maikrowevu hata dakika moja. Niletee Engutoto, uliza kwa Mama Jabiri fundi, nitakupa mwingine siku hiyo hiyo."

Nilimuuliza kama hadhani kwamba baada ya mwaka mzima mfuko umeshatupwa. Aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Labda umetupwa. Labda yule mama kauhifadhi, siku akinunua maikrowevu atasikia mtu akimwambia ule ni mfuko wa viazi," alisema. "Mwambie asione haya kuja. Hata ukiwa umechanika, hata ukiwa mchafu, aulete tu. Yeye hana kosa lolote. Mimi ndiye niliyeushona."